Mzee Akikimbia, Nani Anaona Aibu?



Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Same, niliyekuwa naye TYCS enzi za sekondari, alinitumia ujumbe mrefu wa WhatsApp. Babu yake ana miaka 66, mwalimu mstaafu. Tangu astaafu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa bukta na raba, anakimbia kandokando ya barabara kuu kabla malori hayajawa mengi. Sasa ametangaza kwamba mwakani anataka kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, zile kilomita 21, na Mungu akimjalia uzima ataanza kuweka hela kidogo kidogo ili siku moja ashiriki michezo ya dunia ya watu wazima, ambayo ameiona kwenye simu. Familia ikaitisha kikao. (Wapare na vikao, mnatujua.) Kikao kikaamua babu azuiwe. Anajidhalilisha, ataanguka njiani, halafu hela ya mafao siyo ya kuchezea wakati kuna wajukuu wanadaiwa ada.

Dada akamalizia hivi: "Frateri, kumzuia ni kumheshimu au ni kumkosea? Amri ya Nne nimeisoma mara tatu, bado sijajua iko upande gani."

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, kwa sababu nadhani wengi wetu tuna babu au bibi ambaye tumeshamwamulia mambo kwenye kikao asichoalikwa.

Kwanza tujue babu ameona nini kwenye simu. Kuna michezo inayoitwa World Masters Games. Ilianza Toronto, Kanada, mwaka 1985, na tangu hapo imekuwa ikizunguka: Brisbane, Melbourne, Edmonton, Torino, Auckland. Sydney mwaka 2009 walishiriki watu zaidi ya 28,000, idadi kubwa kuliko wanamichezo wa Olimpiki yoyote. Mwaka 2025 ilifanyika Taipei. Humo kuna riadha, kuogelea, mpira, baiskeli na michezo mingine mingi. Kinachoshangaza ni kwamba hakuna mchujo. Huhitaji kuwa bingwa wa nchi yako. Ukishafikisha umri unaotakiwa na mchezo wako, ambao katika michezo mingi ni kuanzia miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, unajiandikisha, unalipa ada, unafika. Afrika haijawahi kuiandaa, ingawa mashindano ya dunia ya riadha ya maveterani, ambayo ni jambo jingine lakini ni ndugu yake, yalifika Durban mwaka 1997.

Na tusijifanye kwamba ni mambo ya Wazungu tu. Timu za maveterani wa soka zipo karibu kila mji wa Tanzania, vitambi na yote, Jumapili asubuhi. Watumishi wa wizara wana SHIMIWI yao, wanavuta kamba, wanacheza netiboli, bao na drafti. Waheshimiwa wabunge wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana michezo yao ya mabunge kila mwaka, na humo utamkuta mheshimiwa wa miaka hamsini na kitu anakimbia mita mia huku wenzake wanapiga vigelegele. Hakuna anayeitisha kikao cha ukoo kumzuia mbunge. Sasa jiulize kwa nini mwalimu mstaafu wa Same aitishiwe.

Tuanze na aibu, maana hiyo ndiyo ilisemwa kwanza. Mimi siichukulii kwa dharau. Kwetu heshima ya mzee ina mavazi yake na mwendo wake. Mzee anatembea taratibu, anasalimiwa, anakaa kwenye kiti kinacholetwa na mtoto. Mtu mzima akionekana anakimbia, majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Kwa hiyo mama anayeona baba yake amevaa bukta barabarani haoni mazoezi. Anaona baba yake amevuliwa kitu.

Lakini fungueni Injili ya Luka sura ya 15, mfano wa mwana mpotevu. Mtoto bado yuko mbali, baba anamwona, anaingiwa na huruma, na anafanya nini? Anakimbia. Wafafanuzi wengi wanasema kwa Wayahudi wa wakati ule mzee mwenye mali na heshima hakukimbia, kwa sababu kukimbia kulimlazimu kupandisha kanzu na kuonyesha miguu. Yesu alijua wasikilizaji wake wangeshtuka. Alipotaka kutuonyesha Mungu Baba alivyo, alituonyesha mzee anakimbia barabarani mbele za watu. Sisemi kwamba Injili imeandikwa ili kutetea nusu marathoni. Nasema tu kwamba miguu ya mzee inayokimbia siyo lazima iwe miguu iliyopoteza heshima.

Hoja nzito zaidi haikusemwa kwenye kikao, ila naijua kwa sababu nimekaa darasani miaka mitatu nasoma falsafa. Ni hii: huenda mzee anayeshindana anakikimbia kifo. Amekataa kuzeeka. Anataka mwili wa miaka 25 na ameshindwa kuuachia. Hapo tunamkuta Milo wa Kroton, mpiganaji mieleka maarufu wa Wagiriki wa kale. Cicero, katika kitabu chake kuhusu uzee, anasimulia kwamba Milo alipozeeka aliwatazama vijana wakifanya mazoezi uwanjani, akaitazama mikono yake mwenyewe, akalia kwamba mikono ile imeshakufa. Cicero anamkemea bila huruma: kilichokufa siyo mikono, ni wewe, kwa sababu hukuwa na kitu kingine zaidi ya mikono na mbavu.

Ni ukali, lakini una ukweli. Kuna watu wa namna hiyo hata leo. Kwenye michezo hii ya wazee kuna vipimo vya dawa zilizokatazwa, na mwaka 2019 mwendesha baiskeli wa Marekani mwenye miaka 90 alipewa onyo hadharani na akapoteza rekodi yake. (Kwa haki yake niseme: wapimaji wenyewe walikubali kwamba yaelekea dawa iliingia kupitia nyama aliyokula.) Ila kule kuwepo tu kwa kipimo cha dawa kwa mtu wa miaka 90 kunakwambia kwamba tamaa ya kuonekana bora haistaafu kwa hiari wala kwa lazima.

Kwa hiyo siwezi kumjibu dada kwamba kila mzee anayekimbia ni mtakatifu. Inategemea anakimbia kwa moyo gani. Na hapa lugha yetu inatusaidia. Sisi mchezo usio wa kulipwa tunauita mchezo wa ridhaa. Lugha za Ulaya zimechukua jina lao kwenye neno la Kilatini la kupenda; asiyelipwa ni mpenzi tu wa mchezo. Sisi tumechagua ridhaa, yaani kukubali, kuwa radhi. Nimelifikiria sana neno hili. Kijana anacheza kwa nguvu, kwa ndoto, kwa matumaini kwamba Simba au Yanga watamwona. Mzee hana wa kumwona. Akiingia uwanjani inabidi kwanza aridhie goti lake lilivyo, pumzi zake zilivyo, na muda wake ambao mwaka huu utakuwa mbaya kuliko wa mwaka jana hata akijitahidi vipi. Milo hakuwa na ridhaa. Alikuwa na kumbukumbu tu.

Sasa angalieni jinsi michezo hii inavyopangwa. Watu wanashindana kwa makundi ya miaka mitano mitano: 60 mpaka 64, 65 mpaka 69, na kuendelea mpaka zaidi ya 90. Matokeo yake ni ya kuchekesha. Mtu wa miaka 69 anasubiri kwa hamu afikishe 70, kwa sababu atakuwa mdogo kuliko wote katika kundi jipya. Wapi kwingine duniani umeona mtu anafurahia kufikisha sabini? Sista Madonna Buder wa Marekani, mtawa aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kukimbia akikaribia miaka hamsini baada ya padre mmoja kumshauri. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza kule Kanada yale mashindano ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima, siku moja. Kwa ajili yake waandaaji ilibidi wafungue makundi ya umri ambayo hayakuwepo, kwa kuwa hakuna mwanamke wa umri wake aliyekuwa amewahi kufika hapo. Na Ed Whitlock, Mkanada aliyekimbia marathoni kwa saa 2 dakika 54 akiwa na miaka 73, alikuwa akifanyia mazoezi yake makaburini. Kila siku, kwa masaa, anazunguka makaburi ya mtaani kwake kwa sababu ni pazuri na hakuna magari. Huyo huwezi kumwambia kwamba amesahau kifo.

Lakini kitu kilichonigusa kuliko vyote ni tufe.

Mwanaume wa miaka 35 mpaka 49 anatupa tufe la kilo 7.26, lilelile la Olimpiki. Akifikisha 50 anapewa la kilo 6. Akifikisha 60, kilo 5. Akifikisha 70, kilo 4. Kuanzia 80, kilo 3. Viunzi navyo vinashushwa. Hakuna anayesema wazee wanapendelewa. Ndiyo sheria yenyewe ya mchezo, na medali ya kilo 3 ni medali.

Aristotle angetabasamu. Anapofundisha kwamba fadhila iko katikati ya kuzidi na kupungua, anatahadharisha kwamba hiyo katikati siyo ya hesabu, ni katikati kwa kadiri yetu sisi. Na mfano anaoutumia ni Milo yuleyule! Anasema chakula ambacho kwa Milo ni kidogo, kwa mtu anayeanza mazoezi ni kingi mno. Haki haimpi kila mtu uzito uleule. Inamtazama mtu kwanza, halafu inachagua tufe.

Sasa tupande milimani. Mnaotoka Mamba, Gonja, Vudee, Mbaga au Chome mtanielewa haraka. Ukisimama Same mjini chini kwenye joto na mibuyu, ukaitazama milima inayopanda mpaka Shengena, zaidi ya mita 2,400, unaona kijani kizuri na mawingu. Usichokiona ni bibi wa miaka 72 anayepanda na mzigo wa kuni kichwani juu ya ngata, au anayeshusha tangawizi mpaka pale gari linapofika. Njia ni ileile aliyopita akiwa na miaka ishirini, na mteremko haujashushwa kama viunzi. Mzigo haukupungua alipofikisha 50, wala 60, wala 70. Pengine umeongezeka, kwa sababu wanawe wako Dar na wajukuu amebaki nao yeye.

Yule bibi ana mapafu na miguu ambayo mzee wa Sydney angelipia hela nyingi apate. Lakini hachezi. Na tofauti ni ile ridhaa. Mwili unafanya kazi ileile, jasho ni lilelile, ila mmoja amechagua na mwingine hajaulizwa.

Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kilele cha Kilimanjaro akiwa na miaka 89. Nampongeza kabisa. Lakini fikirieni jambo moja: mzigo wa wageni kule mlimani unabebwa na wapagazi vijana, na utaratibu wa hifadhi unataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani. Kijana wa miaka 25 ana sheria inayolinda shingo yake. Bibi wa Upare ana sheria gani? Nani anapima mzigo wake getini?

Hapa ndipo nadhani Amri ya Nne ilipo, na ndiyo maana dada hakuiona. Sisi tumeifanya amri ya adabu: shikamoo, kiti, usimjibu mzee vibaya. Vyote ni vizuri. Lakini kumheshimu baba na mama waliozeeka, katika mafundisho ya Kanisa, kunakwenda mpaka kwenye msaada wa mali na wa roho. Kwa lugha ya uwanjani, ni kupunguza uzito wa tufe. Nchi zinaweza kufanya hivyo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, awe aliajiriwa au la. Kenya nayo inawapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Ni hela ndogo, ila ni kilo moja imetolewa kwenye mzigo. Na familia inaweza pia, bila kusubiri Dodoma.

Basi nirudi kwenye kikao. Nilimjibu dada kwamba kikao kilichanganya mambo matatu. Kuhusu kuanguka, hilo ni swali la daktari, siyo la ukoo. Babu apime presha na moyo, aanze na kilomita 5 kabla ya 21. Kuhusu aibu nimeshasema. Kuhusu hela, hapo kikao kina haki ya kuzungumza, ila siyo haki ya kuamua. Mafao ni jasho la babu la miaka zaidi ya thelathini ya chaki. Ana wajibu kwa wajukuu? Anao, wa upendo. Lakini wajibu wa kwanza wa ada ni wa wazazi wao, na naomba mnisamehe wajomba zangu, katika vikao vingi vya namna hii utakuta anayelalamika zaidi kuhusu hela ya babu ndiye ambaye hajalipa kitu. Ada ya kukimbia Moshi ni jambo dogo. Safari ya kwenda ng'ambo ni kubwa, na hapo babu mwenyewe, kama ni mtu wa ridhaa kweli, atapima. Kama mjukuu amerudishwa nyumbani kwa ada na babu anakata tiketi ya ndege, ataona mwenyewe kwamba lile tufe limemzidi. Simwamulii. Namwamini.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana vifungu katika Summa kuhusu michezo, na anauliza kama kuna fadhila katika kucheza. Anasema ipo. Anasimulia kisa cha zamani kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumkuta anacheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo, akasema Yohane, hata roho ya mtu ingevunjika isipolegezwa. Kumbukeni kwamba kwa mapokeo Yohane ndiye mtume aliyeishi mpaka uzeeni. Halafu Thomas anaongeza jambo ambalo mahubiri mengi hayalitaji: kukosa kabisa mchezo nako kunaweza kuwa dhambi, hasa mtu asipocheza mwenyewe na akawa mzigo kwa wanaofurahi kwa kiasi. Nilimtumia dada kifungu hicho. Akaniambia ataenda nacho kwenye kikao kijacho. Mungu amsaidie.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Michezo yote hii, hata ikiwa na makundi ya umri mpaka miaka 100, inaishia mahali. Yupo mzee ambaye hana kundi. Yuko kitandani, anageuzwa na binti yake. Tufe la kilo sifuri halipo. Tukisema uzee mzuri ni uzee unaokimbia, tumemwambia huyo kwamba ameshindwa, na hapo tumekuwa wakatili kuliko kile kikao. Baba Mtakatifu Leo XIV alichaguliwa akiwa na miaka 69 na anacheza tenisi, mwenyewe amewahi kujiita mchezaji wa ridhaa, na mimi jambo hilo linanifurahisha. Lakini nawaza zaidi kuhusu Yohane Paulo II. Aliteleza kwenye theluji milimani hata akiwa Papa. Mwaka 1999 aliwaandikia wazee wenzake barua. Na Pasaka ya mwaka 2005, siku chache kabla ya kufa, alikuja dirishani kubariki umati, akajaribu kusema, sauti haikutoka. Akabariki kwa mkono. Kwa macho ya Cicero, Milo angelia pale. Yeye hakujificha. Sijui kama kuna neno jingine la kile alichokifanya dirishani zaidi ya ridhaa, ileile ya milimani, isipokuwa sasa haikuwa na mchezo ndani yake.

Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021, huwa ni Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. VIWAWA wa parokia za milimani, nina wazo. Badala ya kuwakalisha wazee kwenye viti na kuwaimbia, waulizeni wanataka kucheza nini. Bao, kuvuta kamba, kutembea kwa kasi kutoka kanisani mpaka shuleni kwa makundi ya umri. Na wiki inayotangulia, gaweni zamu za kuwachotea maji na kuwabebea kuni, ili siku yenyewe wafike hawajachoka. Makande baada ya Misa, bila shaka.

Mniombee, nina mtihani wa metafizikia Alhamisi. Na kama kuna mtu anamfahamu daktari mzuri wa moyo pale Moshi ambaye hachaji sana, aniandikie, nimpe dada namba.